Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya elimu na afya: mfundisheni mwalimu kwanza

Waheshimiwa,

Ninawaandikia ninyi mnaopanga mitaala na kusimamia vyuo vya ualimu, pamoja nanyi mnaoongoza huduma za upandikizaji wa viungo hospitalini. Nimewaweka katika barua moja kwa makusudi. Jambo ninalolileta, yaani kuwafundisha walimu habari za kuchangia viungo, liko katikati yenu, na kwa kuwa liko katikati, kila upande umekuwa ukidhani ni kazi ya mwenzake.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Kila mwaka nafundisha figo. Nachora nefroni ubaoni, naeleza jinsi damu inavyochujwa, wanafunzi wanaandika majina ya sehemu, tunafunga mada. Azimio la kazi halinitaki popote nieleze mtu hufanyaje figo zake zikishindwa kazi, wala kwamba figo ya mtu mmoja inaweza kuchuja damu ya mtu mwingine kwa miaka mingi. Wanaoleta habari hizo darasani ni wanafunzi wenyewe. Wanauliza: mtu akifa, figo yake inakufa lini? Kwa nini mwili unaikataa? Aliyepewa moyo wa mtu mwingine atawapenda wale aliowapenda mwenye moyo? Hili la mwisho linahitaji mwalimu ambaye hatalicheka, na ambaye anajua kueleza kwamba moyo ni msuli unaosukuma damu, na kwamba mtoto hakukosea kuuliza.

Mwalimu huyo bado hamjamwandaa. Alichonacho ni kile alichosikia, na alichosikia ni kilekile ambacho kila mtu amesikia. Tafiti zilizofanywa miongoni mwa walimu katika nchi mbalimbali zimekuwa zikirudia picha moja: walimu wengi wanaona kuchangia viungo ni jambo jema, lakini wachache wamejiandikisha, wengi hawaelewi kifo cha ubongo ni nini, na wanachokijua wamekipata kwenye televisheni na mitandaoni kuliko chuoni au hospitalini. Nia ipo, maarifa ndiyo hayapo. Ninyi mnaosimamia mafunzo mnafahamu kwamba hali ya namna hii ndiyo rahisi kuliko zote kuirekebisha, kwa maana ni rahisi zaidi kumpa maarifa aliye tayari kuliko kumbadilisha moyo aliyekataa.

Siku moja wakati wa mapumziko, mwenzetu anayefundisha historia alisoma tangazo linalohamasisha watu wajiandikishe kuchangia viungo, akatuuliza: "Hivi nikishasaini hii, siku nikipata ajali daktari atahangaika nami kweli, au ataanza kuzitazama figo zangu?" Mmoja akasema ndiyo maana yeye hasaini kitu. Mwingine akasema dini hairuhusu, na alipoulizwa imeandikwa wapi akajibu kwamba amesikia tu. Wa tatu akasema yeye yuko tayari kutoa chochote, ila hataki ndugu zake wajue. Kengele ikalia, tukatawanyika kwenda vipindini, kila mtu na jibu lake, na kila mtu akiwa na darasa zima linalomsubiri.

Swali la yule mwalimu wa historia lina jibu, tena la wazi. Daktari anayepigania maisha ya majeruhi na daktari anayepandikiza viungo ni watu wawili tofauti, na nchi zenye utaratibu madhubuti zinakataza kazi hizo mbili kuchanganywa. Suala la viungo haliletwi mezani mpaka jitihada za kuokoa maisha zimeshindikana. Zaidi ya hayo, mwili ukiachwa bila huduma viungo vyake vinaharibika haraka. Hata vikitolewa kwa utaratibu na kuwekwa kwenye baridi, moyo huvumilia saa nne hadi sita hivi, ini zaidi kidogo, na figo ndizo zinazoweza kufika siku nzima au hata kupita. Kwa hiyo daktari mzembe hapati kiungo. Nchini Uingereza, kwa mfano, ni takriban mtu 1 tu kati ya 100 wanaofariki ambaye hufia katika mazingira yanayowezesha viungo vyake kupandikizwa. Anayesaini fomu anasaini jambo ambalo huenda lisimfikie kamwe. Lakini sisi tuliokuwa ofisini siku ile, pamoja nasi wa sayansi, hakuna aliyefundishwa kulieleza hivyo.

Kifo cha ubongo ndicho mada nzito kuliko zote, na naomba mniruhusu nikae nacho kidogo.

Kwa vizazi vyote vilivyotutangulia swali hili halikuwepo. Pumzi ikikata na moyo ukisimama, mtu amekufa. Zilipoingia mashine za kupumulia, madaktari wakaanza kukutana na wagonjwa ambao ubongo umeharibika wote ilhali moyo unapiga, kwa sababu mashine inasukuma hewa na moyo una mfumo wake wenyewe wa kuuamsha. Mwaka 1968 kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ilichapisha vigezo vya kumtambua mtu aliyekufa ubongo, na tangu hapo nchi nyingi zimeweka vigezo vyao katika sheria au katika miongozo ya madaktari.

Mwalimu anapaswa kuvijua vipimo vyenyewe, kwa sababu ndivyo vinavyopunguza hofu. Kwanza madaktari huhakikisha chanzo cha madhara ya ubongo kinajulikana, na kwamba anayelala pale hakufanywa hivyo na dawa za usingizi, sumu au mwili kupoa kupita kiasi. Kisha humulika mboni za macho waone kama zitasinyaa. Hugusa konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, waone kama kope zitapepesa. Huingiza maji ya barafu sikioni na kutazama kama macho yatasogea. Huchokoza koo waone kama atakohoa. Mwishoni mashine ya kupumulia huondolewa kwa dakika kadhaa, oksijeni ikiendelea kuingia, na hewa ya ukaa huachwa ipande kwenye damu. Shina la ubongo, sehemu inayoamuru kupumua, lingekuwa na uhai lingelazimisha pumzi hapo. Watu wanakitazama kifua. Kisipoinuka, na vipimo vingine vyote vikiwa vimekaa kimya, mtu huyo amefariki, ingawa moyo bado unapiga. Katika nchi nyingi kazi hii hufanywa na madaktari wasiopungua wawili ambao hawahusiki na upandikizaji.

Koma ni jambo jingine kabisa. Aliye katika koma ubongo wake una uhai, pengine anapumua mwenyewe, na anaweza kuamka. Tunapochanganya hayo mawili mbele ya watoto, tunawafundisha kwamba hospitali inawatoa viungo watu ambao wangeweza kupona. Sijui kama kuna fundisho lenye madhara zaidi katika jambo hili, na linatoka midomoni mwa walimu wenye nia njema.

Fikirieni sasa upande wa familia. Mwili wa mpendwa wao una joto, na kifua kinapanda na kushuka kwa nguvu ya mashine. Anakuja daktari anawaambia amefariki, na baada ya muda anakuja mtu mwingine kuwauliza kuhusu viungo. Kama maneno "kifo cha ubongo" wanayasikia hapo kwa mara ya kwanza, tunawezaje kuwalaumu wakikataa? Huwezi kumfundisha mtu biolojia akiwa analia. Somo hilo lilipaswa kufundishwa miaka mingi kabla, mahali patulivu, na mtu mwenye muda wa kusikiliza maswali. Watu wengi walipita mahali pa namna hiyo mara moja tu maishani, nako ni shuleni.

Ndiyo maana naona kampeni nyingi zinaanzia mwishoni. Zinaanza na fomu au kadi. Hispania, ambayo imekuwa mbele ya dunia katika uchangiaji wa viungo ukilinganisha na idadi ya watu wake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, inatufundisha jambo tofauti. Ilitunga sheria mwaka 1979 inayomhesabu kila mtu kuwa amekubali isipokuwa amekataa, na kwa miaka kumi sheria hiyo pekee haikuifikisha pale ilipo leo. Mabadiliko yalikuja baada ya mwaka 1989, lilipoundwa shirika la taifa la upandikizaji chini ya Rafael Matesanz, daktari wa figo, na hospitali zikawekewa waratibu waliofunzwa kuzungumza na familia. Hata kwa sheria ile, familia huulizwa. Wales ilibadili sheria yake mwaka 2015 na England mwaka 2020, na huko nako ndugu bado wanazungumzwa nao. Sheria yoyote mtakayotunga, mwisho wa yote kutakuwa na ndugu walioketi kwenye benchi la hospitali wakijiulizana: yeye mwenyewe angetaka nini? Familia inayojua jibu huamua kwa utulivu. Isiyojua mara nyingi hukataa, maana kukataa kunaonekana ni kukosea kidogo.

Na ni nani anayeweza kuanzisha mazungumzo hayo nyumbani kabla ya msiba? Mwanafunzi aliyerudi na zoezi la kuwauliza wazazi wake wanafikiri nini. Sijaona tangazo la redioni lenye nguvu kama hiyo.

Waheshimiwa, historia ya jambo hili ina mwalimu ndani yake, na inanishangaza kwamba hatumtaji. Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, daktari Joseph Murray na wenzake walitoa figo ya Ronald Herrick wakampandikizia Richard, pacha wake wa kufanana. Ndio upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa kwa muda mrefu. Kwa kuwa mapacha hao walifanana hadi ndani ya chembe zao, kinga ya mwili wa Richard haikuitambua figo ile kuwa ngeni. Richard aliishi miaka 8 zaidi. Murray alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Ronald, aliyetoa figo, alikuja kuwa mwalimu wa hisabati, akaishi na figo moja hadi Desemba 2010, akafariki akiwa na miaka 79. Mtu mmoja huyo anajibu maswali kadhaa ya darasani kwa mkupuo: mtu anaweza kuishi na figo moja? Kwa nini mapacha? Wasio mapacha hufanyaje? Hili la mwisho linafungua mada ya dawa za kushusha kinga, kama saiklosporini iliyoanza kutumika kwa upana miaka ya 1980, ambazo aliyepandikizwa huzinywa maisha yake yote. Hapo kinga ya mwili, ambayo wanafunzi wengi huikariri bila kuipenda, inakuwa na maana.

Wanafunzi wakubwa kidogo wanaweza kuelezwa pia habari za Nicholas Green, mtoto wa Kimarekani wa miaka 7 aliyepigwa risasi na majambazi mwaka 1994 akiwa safarini na wazazi wake nchini Italia. Wazazi wake wakatoa viungo vyake na konea zake kwa Waitaliano 7, na uchangiaji wa viungo Italia ukapanda sana miaka iliyofuata. Sipendekezi asimuliwe ili watoto walie. Napendekeza asimuliwe kwa sababu wazazi wale waliamua ugenini, katika saa mbaya kuliko zote, na darasa linaweza kujadili ni nini kiliwawezesha.

Yapo mambo ya kweli ambayo mwalimu hapaswi kuyakwepa ili somo lionekane safi. Biashara ya figo ipo, na wanaoumia ni maskini. Ndiyo iliyozaa Azimio la Istanbul la mwaka 2008, na mwaka 2010 Baraza la Afya Duniani likapitisha kanuni zinazosema mwili wa binadamu na sehemu zake visiuzwe. Mwanafunzi akisema "kuna watu wanauza figo", jibu la "huo ni uvumi" linamfanya asimwamini mwalimu tena. Jibu la haki ni kwamba biashara hiyo ni uhalifu karibu kila mahali, na kwamba uchangiaji wa hiari wenye kumbukumbu za wazi ndio unaoiziba. Dini nazo zisifichwe. Mwaka 1988 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilitoa uamuzi unaoruhusu upandikizaji kwa masharti, likiwemo la kutouza kiungo. Papa Yohane Paulo II alizungumza na wataalamu wa upandikizaji mwaka 2000 na kukuita kuchangia viungo tendo la kweli la upendo. Wapo pia wanazuoni na waumini ambao hawajaridhika, hasa kuhusu kifo cha ubongo, na mwalimu mwaminifu atalisema hilo pia, kisha atamshauri mwanafunzi aende kwa kiongozi wake wa dini akiwa na swali lililoandikwa vizuri.

Konea ni mlango mwepesi wa kuingilia. Upandikizaji wake ulifanikiwa mapema mno, mwaka 1905, kwa mikono ya Eduard Zirm. Hauhitaji kifo cha ubongo. Konea huchukuliwa saa kadhaa baada ya moyo kusimama, hata kwa mzee, hata kwa aliyevaa miwani maisha yake yote, na mwili huandaliwa kwa heshima ili macho yasionekane kuguswa. Mwalimu anayeogopa kuanza na moyo aanze na jicho.

Nikisema hivi simaanishi walimu wageuzwe mawakala. Naomba hili lieleweke vizuri kwa wa upande wa afya, maana najua mahitaji yenu ni makubwa. Upandikizaji unaofanyika duniani haufikii hata sehemu moja ya kumi ya unaohitajika. Hata hivyo msitupe idadi ya fomu za kukusanya. Msitupe mabango ya kuwasainisha watoto. Mwanafunzi yuko darasani kwa lazima, hana ruhusa ya kutoka, na mwalimu ana mamlaka juu yake. Ridhaa inayopatikana hivyo si ridhaa. Na darasani pale huenda ameketi mtoto ambaye mzazi wake anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, au mtoto ambaye familia yake ilikataa kutoa viungo vya kaka yake na bado haijapata amani. Mwalimu aliyefunzwa atajua kufundisha bila kumgeuza mmoja kuwa mfano wala mwingine kuwa mkosaji. Asiyefunzwa ataumiza bila kujua.

Ninachoomba hakihitaji somo jipya kwenye ratiba. Mada ya figo ipo, ya mzunguko wa damu ipo, ya kinga ya mwili ipo. Ongezeni ndani yake vipindi viwili au vitatu, na muweke angalau swali moja kwenye mtihani, kwa sababu sote tunajua kisichotahiniwa kinarukwa. Somo la uraia lichukue upande wa sheria na ridhaa, somo la dini lichukue upande wake, ili mzigo usimwangukie mwalimu wa biolojia peke yake.

Kabla ya hayo yote, semina. Si ya kusomewa slaidi na kupewa cheti jioni. Mleteni daktari wa chumba cha wagonjwa mahututi atueleze vile vipimo kimoja baada ya kingine na atuache tumbane kwa maswali. Mleteni muuguzi mratibu anayezungumza na familia, atuambie maneno anayotumia na yale asiyoyatumia kamwe. Mleteni mtu anayeishi na kiungo alichopewa, na kama atakubali, ndugu wa aliyetoa. Mleteni mwanasheria kwa nusu saa. Na walimu wa masomo yote waalikwe, kwa sababu swali lile ofisini liliulizwa na mwalimu wa historia. Kwenye vyuo vya ualimu iwe sehemu ya mafunzo ya kawaida, ili kizazi kinachokuja kisianzie tulipoanzia sisi.

Tunahitaji pia mtu wa kumpigia simu. Mwanafunzi akiuliza jambo nisilolijua Jumanne, nataka niweze kumjibu Alhamisi kwa kauli ya hospitali. Kila hospitali yenye huduma hii iteue mhusika mmoja wa shule, jina lake lifahamike kwa wakuu wa shule, na awe anapokea.

Wizara mbili hazihitaji sheria mpya kufanya haya. Zinahitaji kikao kimoja cha pamoja na mtu wa kuandika waraka. Maazimio ya kazi ya mwaka ujao yanaandaliwa kabla muhula huu haujaisha, kwa hiyo waraka ukitufikia kabla ya hapo vipindi vitaingia. Rasimu ya maandalio ya somo la figo na la konea, pamoja na maswali ambayo wanafunzi wangu wameyauliza, niko tayari kuzikabidhi kwa yeyote mtakayemteua, azikosoe na kuzitumia.

Wenu katika utumishi,

Mwalimu wa biolojia